Gundi au ribiti? Kinachoushika mpini wa kisu cha kufuliwa

Kuna ubishi usiokwisha kati ya wapasuaji samaki wa mialo ya Mwanza na mafundi wanaowatengenezea visu. Mteja anarudisha kisu: vibao vya mpini vinacheza, ukikishika unasikia kitu kinagonga kiganjani, na pembeni pana mwanya uliojaa utelezi wa samaki hadi unanuka. "Fundi, umeniwekea ribiti mbovu." Fundi anajibu, "Mama, umekiloweka." Aliyesimama karibu anasema dawa ni kuongeza msumari wa tatu. Mwingine anasema siku hizi kuna gundi kali, ribiti ni urembo tu. Hakosekani wa kumalizia: kiloweke usiku kucha, mbao zivimbe zibane, kama jembe.

Karibu kila mmoja hapo ana kipande cha ukweli. Ushauri wa mwisho ndio wa kuogopa, na ndio unaopendwa zaidi kwa sababu hauna gharama.

Tutaje kwanza sehemu za kisu. Bapa ni ile sehemu pana yenye makali. Nyuma ya bapa chuma kinaendelea hadi kwenye mpini, na kipande hicho ndicho msuka. Misuka iko ya namna mbili. Upo mwembamba uliochongoka, unaochomekwa kwenye tundu la mti, kama wa tupa, mundu au jembe la mkono. Na upo mpana, wenye umbo lilelile la mpini, ambao hauingii ndani ya mti bali hukaa katikati ya vibao viwili, kimoja kulia, kingine kushoto. Vibao hivyo hushikwa na vijiti vya metali vinavyopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kijiti kikiwa kimenyooka tu bila kichwa nitakiita pini. Kikigongwa ncha zake zikatanuka na kufanya kichwa, ni ribiti. Na gundi ninayoizungumzia ni ile ya mirija miwili inayochanganywa, epoksi, ambayo watu wengi huiita Araldite hata ikiwa imetoka kampuni nyingine.

Kisu kinacholeta ubishi mwaloni ni hicho cha pili, cha vibao viwili.

Jembe si kisu

Huku ziwani tuna urithi mrefu wa chuma. Warongo, wahunzi wa Uzinza kusini-magharibi mwa ziwa, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani. Upande wa Bukoba, pale Katuruka, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini zana za wahunzi hao, jembe, shoka, mkuki, zilikuwa za kuchomeka: ama chuma kinaingia kwenye mti, ama mti unaingia kwenye chuma. Vibao viwili vyenye ribiti ni ugeni ukilinganisha na hayo, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Tunatibu kisu cha vibao kwa dawa ya jembe.

Mpini wa jembe ukilegea, mkulima analitumbukiza kwenye ndoo jioni, asubuhi limebana. Mti unaozunguka chuma pande zote ukivimba, sehemu ya uvimbe huo inasukuma ndani na kukibana chuma. Hata huko nafuu ni ya siku chache. Nyuzi za mti zikivimba huku zimebanwa hupondeka, na zikikauka hurudi nyembamba kuliko zilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana jembe lililozoeshwa ndoo hudai ndoo kila mara.

Kwenye kisu cha vibao mpangilio umegeuka. Mti hauzungukii chuma. Chuma ndicho kilicho katikati, na kingo zake zinaonekana kwa nje kuuzunguka mpini mzima. Kibao kikivimba hakina cha kubana. Kinavisukuma vichwa vya ribiti kwa nje, nyuzi zilizo chini ya vichwa hivyo zinapondeka, na kikishakauka inabaki nafasi ambayo jana haikuwepo.

Tena mti hauvimbi sawasawa kila upande. Kwa urefu wa nyuzi zake hubadilika kidogo mno, kiasi cha sehemu moja katika elfu. Kwa upana unaweza kubadilika kwa asilimia kadhaa, kutegemea aina ya mti na kiasi cha maji. Chuma hakinywi maji hata tone. Kwa hiyo kila kisu kinapooshwa na kuanikwa, vibao vinajaribu kutanuka na kusinyaa kwa upana huku msuka umetulia palepale, na kinachovutwa huku na huku katikati yao ni gundi.

Kibaya zaidi ni kwamba kibao kimezibwa na gundi kwa ndani ilhali kwa nje kiko wazi. Uso wa nje ndio wa kwanza kulowa na wa kwanza kukauka. Jua la saa saba likikipiga kisu kilichotoka tu kuoshwa, uso huo unasinyaa kabla ya moyo wa mbao, na kingo za kibao zinajikunja kujitenga na chuma. Wengi hudhani kisu huharibikia majini. Mara nyingi huharibikia juani, pale juu ya bati au jiwe kinapoanikwa. Mwanya unaofunguka unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele, na maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Maji yakishapita, kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inakisukuma kibao kwa nje, polepole lakini bila kuchoka. Anayetayarisha kayabo, sangara wa chumvi, huyaona haya mapema zaidi kuliko anayeparua sato wa kukaanga, maana maji ya chumvi huiharakisha kutu. Fungua kisu kilicholegea ujionee: mara nyingi ribiti ni nzima kabisa, ila kati ya kibao na msuka kuna unga wa kahawia. Aliyelaumu ribiti alimlaumu asiyehusika.

Wajenzi wa mitumbwi ya mbao wanaujua mgawanyo huu wa kazi. Misumari ndiyo inayozishika mbao; kalafati, zile pamba zinazoshindiliwa kwenye mianya, ndizo zinazozuia maji. Hakuna mvuvi anayedai mtumbwi unaovuja utapona kwa kuongezewa misumari. Katika mpini wa vibao, ribiti inafanya kazi ya msumari na gundi inafanya ya kalafati. Ulinganisho huo unapungua mahali pamoja tu, kwa sababu gundi nzuri nayo inashika, tena kwa nguvu nyingi. Ukijaribu kukitelezesha kibao juu ya msuka, gundi iliyokamata uso wote haitakubali. Inashindwa na nguvu nyingine: ile inayoanzia ukingoni na kukiinua kibao kidogo kidogo, au pigo la ghafla kisu kinapoangukia sakafu ya saruji. Hapo pini inasaidia kibao kisiteleze, na kichwa cha ribiti kinasaidia kisiinuke. Ukiwa na gundi bila pini, pigo moja baya linatosha kukibandua. Ukiwa na ribiti bila gundi, kisu kitakaa mkononi lakini kitakunywa maji tangu siku ya kwanza.

Kutoboa ndiko kazi ilipo

Watu wakiangalia kisu kilichokamilika huona vichwa vya ribiti vinang'aa na kudhani ufundi uko kwenye nyundo. Ufundi uko kwenye tundu.

Kosa la kwanza hutokea kabla drili haijawashwa: kukigumisha kisu chote, halafu ndipo mtu atafute pa kutoboa. Ili makali yakae, chuma huchomwa hadi kiive wekundu, nyuzijoto 800 na zaidi, kisha kikazamishwa ghafla kwenye oili. (Fundi asiye na kipimo hutumia sumaku, kwa sababu chuma huacha kushikwa na sumaku kikikaribia nyuzi 770.) Kikitoka hapo biti ya kawaida, ule msumari wa drili unaotoboa, haiingii tena. Itapiga mluzi, ncha yake itageuka bluu, na utakuwa umeua biti bila kupata tundu. Mpangilio unaofaa ni kutoboa msuka wakati chuma bado ni laini, ndipo kigumishwe.

Kinachowachanganya wengi ni springi ya gari, ambayo ndiyo mali ghafi ya visu vingi vya mtaani. Mtu anasema, "Hii bado sijaitia moto, mbona biti haiingii?" Springi ilishatiwa moto kiwandani. Haina ugumu wa makali ya kisu, lakini ni ngumu kiasi cha kumaliza biti za bei ya chini moja baada ya nyingine. Kipimo chake ni tupa. Ipitishe kwenye ukingo wa msuka: tupa ikikwaruza na kuacha unga wa chuma, toboa, ikiteleza juu juu, usijisumbue. Kilainishe kwanza kwa kukichoma hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe polepole ndani ya majivu makavu hadi kesho yake.

Kama kisu kilishagumishwa na hakuna namna ya kurudi nyuma, unaweza kuulainisha msuka peke yake kwa moto wa gesi huku bapa limezamishwa majini au limefungwa kitambaa kilicholowa. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa. Makali yakipita nyuzi 200 na kitu, yanaanza kupoteza ugumu wake, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Rangi inasema ukweli: chuma safi kikianza kuonyesha bluu, kimeshafika karibu nyuzi 300.

Weka alama kwa panchi, kile chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, kabla ya kutoboa, la sivyo biti itatembea. Kwa chuma cha namna hii na biti ya milimita 5, mzunguko wa 700 au 800 kwa dakika unatosha. Drili za mkono nyingi zikiachiwa hukimbia zaidi ya 2,500, na fundi kijana hupenda kuzisikia zikilia. Kasi hiyo ni ya mbao. Kwenye chuma kinachotakiwa ni taratibu, mkono mzito, na tone la oili. Ukiona nyuzi ndefu za chuma zinajisokota na kutoka, uko sawa. Ukiona unga na moshi, biti imeshakufa na wewe unasugua tu. Na msuka ufungwe kwenye jiliwa, kile kibanio cha benchi. Chuma chembamba kikishikwa kwa kiganja, biti inapotokea upande wa pili hukidaka na kukizungusha, na hapo vidole viko hatarini.

Matundu yawe mangapi? Kwa kisu cha kupasulia samaki, mawili ya pini yanatosha kwa mpini mfupi na matatu kwa mrefu. Imani kwamba ribiti nyingi ni nguvu nyingi haina msingi. Kila tundu linapunguza mti, na matundu yaliyopangwa kwenye mstari mmoja wa nyuzi yanautengenezea ufa njia ya kupita. Pini ya kwanza isikae karibu mno na ukingo wa mbele. Sentimita moja na nusu ni nafasi nzuri. Lakini kwenye msuka wenyewe, mbali na matundu ya pini, ongeza mengine ambayo hayatapitiwa na kitu. Hayo ni ya gundi. Itapenya humo kutoka kibao cha kulia hadi cha kushoto na kuganda, kwa hiyo vibao vitashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na kisu kitakuwa chepesi kwa nyuma. Ni hila ndogo ambayo haionekani baada ya kazi, labda ndiyo maana wengi hawajisumbui nayo.

Sasa mbao. Hapa ndipo visu vingi hupindia. Fundi anatoboa kibao cha kulia peke yake, cha kushoto peke yake, kwa kupima na rula, kisha anashangaa kwamba pini haipiti. Vyote viwili vilikuwa karibu na sahihi, lakini pini haipiti kwenye karibu. Acha msuka uwe ndio kielelezo. Kibane kibao kimoja juu ya msuka kwa klampu, pitisha biti katika tundu la msuka liongoze hadi mbao itoboke, kisha kabla ya kugusa tundu la pili chomeka pini kwenye la kwanza. Pini hiyo inazuia kibao kisisogee hata kidogo. Toboa la pili, chomeka, ndipo uende la tatu. Kikimalizika hicho, kigeuze na ufanye hivyohivyo kwa kibao cha upande wa pili. Chini ya mbao weka kipande cha mbao taka, ili biti inapotokea isirarue nyuzi. Mrarusho huo ndio zile kasoro unazoziona zimezibwa kwa unga wa msasa na gundi kuzunguka kichwa cha ribiti.

Drili isimame wima. Mpini mzima una unene wa kama milimita 20, na drili ikilala kwa pembe ya nyuzi 3 tu, jambo ambalo jicho halilioni, upande wa pili tundu litatokea milimita moja kando. Mwenye drili ya mezani ana nafuu kubwa. Asiye nayo aweke kipande cha mbao kilichokatwa kwa pembe mraba kando ya biti, akiangalie kutoka mbele na kutoka ubavuni. Au apeleke msuka na vibao vyake kwa mwenye mashine. Kutoboa matundu matatu si kazi ya kununulia mashine.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hubishana ni kama tundu la msuka lilingane sawasawa na pini. Mimi niko upande wa wanaoliacha kubwa kidogo, sehemu mbili hadi tano za kumi za milimita, ila linapanuliwa baada ya vibao kutobolewa, si kabla. Mbao itahama kidogo misimu ikibadilika, masika na vuli za hapa si mchezo, na pini iliyobanwa na chuma bila nafasi yoyote inaubebesha mti mvutano wote. Nafasi hiyo ndogo hujazwa na gundi.

Usisahau ukingo wa mbele wa vibao, ule unaotazamana na bapa. Upige msasa na kuung'arisha kabla ya kugundisha. Ukishagundisha huwezi kuufikia bila kulikwaruza bapa.

Kugundisha na kugonga

Gundi haipendi uso laini wala mafuta. Msuka ukwaruzwe kwa msasa mkali, namba 60 au 80, na upande wa ndani wa vibao vilevile. Kisha ufutwe kwa asetoni au spiriti, na baada ya hapo usiguswe kwa vidole. Dawa ya kufutia rangi ya kucha si mbadala mzuri, kwani nyingi zina mafuta ya kulinda ngozi, na mafuta hayo ndiyo tunayoyakimbia. Mpingo unahitaji kufutwa zaidi kuliko mti mwingine, maana wenyewe una mafuta yake. Kamilisha kuufuta na ugundishe papo hapo kabla hayajapanda tena juu.

Epoksi ina haraka na ina ya polepole. Ya dakika tano inamfurahisha mteja anayesubiri kwenye benchi, lakini kwa kawaida ni dhaifu zaidi mbele ya maji kuliko ile inayotaka saa 24. Kwa kisu cha samaki chagua ya polepole, na vipimo vya mirija miwili vifuatwe kama karatasi yake inavyosema, bila kukadiria kwa jicho wala kuongeza kigumishi ili ikauke upesi. Ikizidi upande mmoja itabaki laini milele. Supagluu inashika haraka, ila ikiganda ni kavu na haivumilii kishindo. Gundi nyeupe ya seremala inashika mti na mti. Kwenye chuma haina kazi.

Halafu kubana. Watu hukaza klampu hadi mbao inalia, wakiamini mkazo mkubwa ndio mshiko mkubwa. Kinachotokea ni gundi yote kukamuliwa nje, na ndani kubaki pakavu. Kaza mpaka gundi itokeze mstari mwembamba kuzunguka mpini wote, kisha simama hapo. Ifute ya mbele karibu na bapa ikiwa bado mbichi.

Pini zinapatikana bila shida mjini. Vijiti vya shaba vinavyotumika kuchomelea kwa gesi huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea, chagua vya unene wa tundu lako, na vinagongeka vizuri. Waya mnene wa shaba nyekundu nao ni laini na unapendeza. Msumari wa kawaida unafanya kazi lakini utashika kutu na kutia mbao madoa meusi. Wapo wanaosema shaba kwenye chuma inaleta kutu. Hilo ni kweli kwa nusu. Metali hizo mbili zikilowa pamoja kinacholiwa haraka ni chuma, lakini lazima kwanza maji yafike hapo. Tumerudi kwenye gundi.

Ukitaka ribiti ya kichwa, acha pini itokeze milimita moja na nusu kila upande, panua kidogo mdomo wa tundu kwenye mbao, kisha gonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Mapigo mepesi mengi, ukigeuza upande kila baada ya machache. Pigo zito halitengenezi kichwa. Linaipinda pini kwa ndani, au kuinenepesha tumboni hadi inaupasua mti. Mninga husamehe kidogo. Mpingo na pembe ya ng'ombe havisamehi, kwa hivyo nashauri pini bila kichwa na gundi nzuri.

Wakati wa kuusawazisha mpini baada ya gundi kuganda, angalia joto. Grenda ikiikwangua ncha ya pini, joto linakimbilia ndani moja kwa moja, na epoksi nyingi za dukani huanza kulegea zikivuka nyuzi 60 hivi. Unaweza kuwa umefanya kila kitu sawa na ukaibandua gundi kwa dakika mbili za mwisho. Gusa pini kwa kidole. Kama huwezi kukiacha hapo, pumzika. Kwa sababu hiyohiyo kisu cha vibao hakichemshwi ili kutakata.

Mti wenyewe

Mti bora kwa kazi ya maji ni ule usiohangaika. Mninga unasifika kwa kusinyaa na kuvimba kidogo kuliko miti mingi, na ndiyo maana seremala wanaupenda. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, haunywi maji upesi, ila ni mgumu kutoboa na una gharama. Kwa msonobari wa makreti usipoteze ribiti.

Lakini mninga mbichi ni mbaya kuliko mti wa hovyo uliokauka. Kata vibao, vipime kwenye mizani ndogo ya jikoni, andika uzito, viweke kivulini penye hewa. Vipime tena baada ya wiki. Vikiendelea kupungua uzito, bado vinatoa maji. Vikisimama, viko tayari. Na vumbi la miti hii, mninga na mpingo wote wawili, huwasha mapafu na ngozi za wengine, basi funika pua.

Plastiki nayo ina mtego wake. Vipande vya vile vibao vyeupe vya kukatia nyama vinaonekana vinafaa, kwa sababu havinywi maji. Ila epoksi haiishiki plastiki hiyo. Ikikauka unaibandua kwa kucha. Mpini wa namna hiyo unategemea ribiti peke yake na utaingiza maji kwa ndani hata kama wenyewe haulowi. Visu vya viwanda vya minofu vina plastiki pia, lakini imemwagwa ikiwa ya moto kuuzunguka msuka, hakuna ungio la kufunguka.

Na kama kisu chako kimeshalegea? Usianze na nyundo. Kugonga upya kichwa cha ribiti kunakaza kwa wiki moja huku kutu ikiendelea chini yake. Ukiwa na haraka, kiache kikauke kivulini siku kadhaa, kisha dondoshea supagluu nyepesi kwenye mwanya. Itanyonywa ndani na kuziba kwa muda, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoipa supagluu. Kwa matengenezo ya kweli, vichwa vya ribiti vitobolewe kwa biti vitoke, vibao vinyanyuliwe, na msuka ukwanguliwe hadi chuma cheupe. Matundu yaliyoliwa na kutu yapanuliwe saizi moja, kutoka milimita 5 kwenda 6, na pini ifuate saizi hiyo. Vibao vya zamani vinaweza kurudi kama havijapasuka wala kunywa mafuta ya samaki, ambayo gundi haitayapenya. Vikiwa vimeyanywa, kata vingine. Kazi yote ni ya nusu siku, pamoja na usiku mmoja wa kuiacha gundi igande, na hapo mteja inabidi akubali kuazima kisu cha jirani.